Kompyuta ya Mtoto Inamshuku Nani?

Mhadhara kwa walimu na wanachuo wa ualimu



Nimepewa mada ya usalama wa kompyuta za bei nafuu zinazotengenezwa kwa ajili ya shule. Najua mwalimu wa huku kwetu akisikia "usalama" na "kompyuta" kwa pamoja, anawaza nondo za dirishani, kufuli kubwa la mlangoni, na mlinzi wa usiku ambaye kamati ya shule haijamlipa tangu muhula uliopita. Kwenye nondo nitafika. Ila kwanza naomba tuingie ndani ya kompyuta yenyewe, maana humo nako kuna vizuizi vingi, na kila kizuizi kina mshukiwa wake. Aliyekiweka alikaa mahali fulani akajiuliza: huyu mtoto nimkinge na nani? Au pengine: watu wengine niwakinge vipi na huyu mtoto? Maswali haya mawili yanazaa mashine mbili tofauti kabisa, hata kama zimetoka kiwanda kimoja na zinauzwa bei moja.

Mfano wangu mkubwa ni kompyuta mpakato iliyoitwa XO. Wenye umri wangu mtaikumbuka. Januari 2005, kule Davos, Nicholas Negroponte wa maabara ya Media Lab ya MIT alitangaza kwamba atatengeneza kompyuta ya mtoto kwa dola 100. Novemba mwaka huohuo akaipeleka Tunis, kwenye mkutano wa dunia wa jamii ya habari, akaionyesha akiwa na Kofi Annan. Ilikuwa na mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme, na mkono huo ukang'oka palepale mbele ya wageni. Iliyokuja kutoka kiwandani mwishoni mwa 2007 haikuwa na mkono, na bei haikuwa dola 100, ilikuwa karibu 188. Watu walicheka sana. Mimi nadhani walicheka jambo dogo wakaliacha kubwa, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa kazi ya watu waliofikiri.

Ilikuwa nyeupe na kijani, ya ukubwa wa daftari kubwa, uzito kama kilo moja na nusu. Kibodi yake ilikuwa ya mpira, imefunikwa yote, vumbi na maji visipate pa kuingilia. Juu zilisimama antena mbili kama masikio ya sungura. Ukizilaza zinafunika matundu ya kuchomekea vifaa. Skrini ya inchi 7.5, iliyobuniwa na Mary Lou Jepsen, ilisomeka hata juani: ukizima taa yake ya nyuma, maandishi yanabaki meusi kwenye kijivu, mtoto anasoma chini ya mwembe bila shida. Prosesa ya megahezi 433, kumbukumbu ya megabaiti 256, hifadhi ya gigabaiti 1. Simu iliyo mfukoni mwa yeyote kati yenu sasa hivi inaishinda mara nyingi. Lakini ilitumia umeme kidogo mno, nayo hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha.

Sasa, usalama. Februari 2007 mradi wa XO ulitoa hadharani maelezo ya mfumo wake wa ulinzi, ukaitwa Bitfrost. Aliyeuongoza ni kijana kutoka Croatia, Ivan Krstić. Nimeyasoma maelezo yale mara nyingi, na bado naona ni miongoni mwa maandishi bora kuhusu ulinzi wa kompyuta, kwa sababu yanaanza na kulalamika, na malalamiko yenyewe ni ya haki. Krstić alisema hivi, kwa muhtasari wangu: ruhusa tunazotumia kwenye kompyuta zilibuniwa kwa ajili ya Unix mwanzoni mwa miaka ya 1970, kompyuta moja ilipokuwa ikitumiwa na watu wengi wa taasisi moja. Kazi yake ilikuwa kumzuia Juma asifungue mafaili ya Asha. Haikumjia mtu akilini kwamba siku moja Juma atapakua mchezo kutoka kwa mtu asiyemjua, na mchezo huo utakuwa na uwezo wote alio nao Juma: kusoma barua zake, kufuta picha zake, kuwasha kamera yake, kupeleka chochote popote. Ni kama kumwita fundi bomba arekebishe koki ya jikoni, ukamkabidhi funguo zote za nyumba, hadi wa kasha la dhahabu ya bibi, kisha ukaenda zako sokoni. Mafundi wengi ni waaminifu. Lakini kwa nini umpe?

Bitfrost ilimpa fundi ufunguo wa jikoni tu. Kila programu ilikusudiwa kufanya kazi ndani ya uzio wake, haioni programu nyingine, haioni kazi za mtoto. Mtoto akitaka kuchora juu ya picha aliyoipiga jana, programu ya kuchora haiendi yenyewe kupekua. Mfumo ndio unaofungua orodha, mtoto anachagua picha, na programu inapewa ile moja tu. Mchezo wa karata hauhitaji intaneti, basi haupewi. Hata kuandika kwenye hifadhi kuliwekewa kikomo cha kasi, maana hifadhi ya aina ile huchakaa ikiandikwa mno, na programu yenye nia mbaya ingeweza kuiua kabla ya muhula kuisha.

Utaona katika haya yote hakuna mahali mtoto anaposhukiwa. Anayeshukiwa ni programu.

Halafu wakaweka masharti ambayo hadi leo makampuni makubwa yanashindwa kuyatimiza. Ulinzi usimlazimishe mtoto kujua kusoma. Hili lilikuwa la lazima, kwa kuwa watumiaji walianzia miaka mitano. Kusiwe na nywila, kwani mtoto wa miaka mitano hawezi kukumbuka nywila yenye maana, na akiweza ataiandika kwa kalamu kwenye mfuniko. Na mfumo usimsumbue kwa maswali. Tazameni simu zenu: mnasakinisha programu ya tochi, inauliza kama mnairuhusu isome majina ya watu kwenye simu. Ni nani humu amewahi kusoma ujumbe ule mpaka mwisho kabla ya kubonyeza "Kubali"? Hata mimi ninayefundisha mambo haya sisomi kila mara. Krstić aliliona hilo kabla simu za namna hii hazijafika kwetu. Akasema swali ambalo mtu hana uwezo wa kulijibu halimlindi mtu, linamhamishia lawama tu.

Mtoto alipoiwasha XO kwa mara ya kwanza, iliuliza mambo mawili. Jina lako nani? Anaandika, au mwalimu anamwandikia. Kisha inatokea alama ya mradi, herufi X yenye duara juu yake, inayofanana na kimtu kilichonyoosha mikono na miguu. Mtoto akiibonyeza inabadilika rangi: mstari wa bluu na tumbo la machungwa, mstari wa zambarau na tumbo la kijani, na kuendelea. Akipata anayoipenda anasonga mbele. Rangi hizo mbili ndizo zitakazomtambulisha darasani, wenzake watamwona kwenye skrini zao kama kimtu cha rangi zile. Wakati yeye anashangilia rangi, mashine kimyakimya inatengeneza jozi ya funguo za siri ambazo zitathibitisha utambulisho wake kwa seva ya shule. Hajui, na hana haja ya kujua. Kama mnataka kipimo cha ulinzi uliobuniwa vizuri, kipimo changu ni dakika ile.

Kwenye kamera nitakaa kidogo. XO ilikuwa na kamera na kipaza sauti, na pembeni ya kila kimoja taa ndogo. Taa hizo ziliunganishwa kwa waya, si kwa programu. Kamera ikipata umeme, taa inawaka, na hakuna programu, iwe ya mtoto, ya mwalimu au ya wizara, inayoweza kuizima taa na kuiacha kamera.

Wengine waliona huko ni kuzidisha hofu. Mwaka 2010 likaja jibu, tena kutoka nchi tajiri. Wilaya ya shule ya Lower Merion, karibu na Philadelphia, iliwapa wanafunzi wa sekondari kompyuta mpakato nzuri za bei ya juu. Ndani yake iliwekwa programu ya kutafuta kompyuta iliyoibiwa: ikiwashwa kutoka ofisini, inapiga picha ya aliye mbele ya kamera na ya kilicho kwenye skrini. Mwanafunzi mmoja akaitwa na msaidizi wa mkuu wa shule, akaulizwa kuhusu picha iliyopigwa akiwa nyumbani kwao, ikidaiwa kumwonyesha na vidonge. Familia ikasema zilikuwa peremende, ikaenda mahakamani. Uchunguzi ukakuta picha zaidi ya 56,000. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wameshaona taa ya kamera ikiwaka na kuzimika, wakauliza, wakaambiwa ni hitilafu. Wilaya ilimaliza kesi kwa kukubali kulipa dola 610,000. Nia ya kwanza ilikuwa kumkamata mwizi, na aliyepigwa picha ni mtoto kitandani kwake. Kizuizi kilichobuniwa kwa mshukiwa mmoja hakikai kwa mshukiwa huyo tu. Kinapokuwa mkononi mwa mtu asiye wa kuulizwa, kitamfikia na mwingine.

Hapa inabidi niigeukie XO niilaumu, maana nayo ilimshuku mwizi, na namna ilivyomshuku ilileta balaa lake.

Hofu ya mwizi ilikuwa ya kweli. Unapakia malaki ya kompyuta bandarini, zinapita kwenye maghala, malori, ofisi za wilaya. Bila kinga, nusu zingeuzwa mtaani kabla ya kufika darasani. Kwa hiyo kompyuta zilitoka kiwandani zikiwa zimefungwa. Nchi husika ilipewa vibali vya kuziamsha, kila kibali kimefungamana na namba ya kompyuta yake; vibali vinapakiwa kwenye flashi, flashi inakwenda shuleni kwa njia tofauti na shehena. Ukiiba boksi njiani umeiba plastiki. Ukiiwasha kompyuta isiyo na kibali, inakuonyesha alama ya kufuli, inatafuta kibali kwenye flashi, kwenye kadi, kwenye mtandao, na ikikosa inajizima.

Hatua ya pili ndiyo iliyozua maneno. Nchi iliyotaka iliweza kuweka muda wa kibali. Kila siku mashine inauliza seva: je, nimeripotiwa kuibiwa? Ikijibiwa hapana, kibali kinaongezwa. Isipopata jibu kwa muda uliowekwa, mathalani majuma matatu, inajifunga. Huku kwetu hili halihitaji maelezo, kwa kuwa simu za mkopo zinafanya hivyohivyo: usipolipa ya leo, kesho inageuka kioo cha kujitazamia. Tofauti ni kwamba mwenye simu ya mkopo anajua anadaiwa. Mtoto hadaiwi. Kosa lake linaweza kuwa amekwenda kwa bibi likizo ya Desemba, au mnara umeanguka, au seva ya shule imeungua kwa radi. Kompyuta haijui radi. Inachojua ni kwamba haijajibiwa.

Tena ilikuwapo saa. Muda wa kibali unahesabiwa kwa saa ya ndani, inayoendeshwa na kibetri kidogo. Kwenye baadhi ya XO za kwanza kibetri kile kilishindwa kushika vizuri, saa ikapoteza tarehe, na kompyuta ikigundua tarehe si sahihi ilikataa kuwaka. Kwenye kompyuta isiyofungwa, fundi anarekebisha kwa dakika chache. Kwenye iliyofungwa, mlango wa kurekebishia nao umefungwa. Inahitajika kebo maalumu, na kuifungua mashine yote kwa bisibisi. Yaani kifaa kinachodaiwa kuhimili vumbi, mvua na kuanguka kutoka kwenye dawati kinazimwa na kibetri cha bei ya soda, kwa sababu tu aliyebuni ulinzi alitaka mwizi asiweze kuchezea saa.

Sisemi haya kuwadharau. Walilijua tatizo la kumfungia mwenye mali nje ya mali yake, na miongoni mwa misingi waliyoiandika mmoja ulisema wazi kwamba ulinzi usigeuke kifungo: mwenye kompyuta awe na uwezo wa kuubadilisha. Ndiyo maana waliweka kitu walichokiita ufunguo wa mbunifu. Mtoto au mwalimu anayetaka kubadilisha mfumo anatuma ombi, anasubiri siku 14 ili kama kompyuta imeibiwa mwenyewe apate nafasi ya kutoa taarifa, kisha anapewa faili dogo linalofanya kazi kwenye kompyuta ile moja tu. Analiweka kwenye flashi, anawasha, na milango yote inafunguka. Kimaandishi ni mpango wa haki kabisa. Lakini fikirini mwalimu wa shule isiyo na intaneti. Ombi analituma kwa njia gani? Jibu analipokea wapi? Na ukurasa wenyewe umeandikwa kwa lugha gani? Haki ya kufungua ilikuwapo, ila ilikaa mbali, na mtu wa mbali hana habari na ratiba ya kipindi cha Hisabati cha Jumanne.

Upande wa matumizi nitaupitia haraka, ingawa umeandikiwa mengi. Sura ya XO, iliyoitwa Sugar, haikuwa na mafolda wala mafaili. Kulikuwa na Jarida: kila alichofanya mtoto kiliandikwa humo chenyewe, kwa mpangilio wa siku, bila kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Wazo tamu. Lakini mtoto ambaye halazimiki kuipa kazi yake jina hataipa, na baada ya mwezi Jarida limejaa mistari inayofanana, na insha ya Jumatatu haionekani. Baya zaidi, hifadhi ilikuwa gigabaiti moja, na ikijaa kabisa kompyuta ilishindwa kuwaka. Mtoto hakuvunja sheria yoyote. Alipiga picha nyingi tu, kama mtoto yeyote atakavyofanya akipewa kamera. Hapo unaona kwamba usalama na matumizi ni jambo moja lenye ofisi mbili: mfumo uliojilinda kwa ustadi dhidi ya programu mbaya ulizimishwa na picha za mbuzi.

Na ukweli mwingine usiosemwa sana: sehemu kubwa ya Bitfrost haikujengwa. Uzio wa programu ulitengenezwa kwa kiasi fulani, kwa jina la Rainbow, kisha katika matoleo ya baadaye ukaachwa. Krstić mwenyewe aliondoka Machi 2008. Walter Bender, aliyesimamia Sugar, naye akaondoka mwaka huohuo akaanzisha Sugar Labs. Kilichobaki na kufanya kazi vizuri ni kufuli la mwizi. Nililiona hilo linasikitisha nilipolijua, na bado linanisikitisha. Ulinzi wa mtoto dhidi ya programu, ambao ni mgumu na hauonekani, uliachwa njiani; ulinzi wa mali ya serikali, ambao unaeleweka na kila mhasibu, ukafika salama.

Twende kwenye nchi zilizozipokea. Uruguay ilianza 2007 kwenye mji mdogo wa Villa Cardal, na kufikia Oktoba 2009 kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma alikuwa nayo. Mpango wao, Plan Ceibal, uliwaunganishia shule intaneti sambamba na kompyuta, ukaajiri watu wa kushughulikia matengenezo. Pale kufuli lenye muda lina maana, kwa sababu seva ipo na inajibu. Peru nako walinunua nyingi sana, wakazipeleka hadi vijiji vya milimani ambako intaneti haikuwapo. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walizifuatilia shule 319 wakatoa matokeo 2012. Kompyuta kwa kila mwanafunzi zilipanda kutoka 0.12 hadi 1.18, na alama za hisabati na lugha hazikupanda. Yamesemwa mengi juu ya alama hizo. Mimi jicho langu lilibaki kwenye jambo lingine mlemle: mradi wote ulijengwa juu ya msingi kwamba kompyuta ni ya mtoto na analala nayo nyumbani, lakini wanafunzi wengi hawakwenda nazo nyumbani. Shule zilihofia zitaharibika au zitapotea. Wazazi wengine walihofia watadaiwa. Hakuna mhandisi aliyeandika kizuizi hicho. Kiliandikwa na mwalimu mkuu, kwa ufunguo wa kabati.

Na kabati hilo tunalijua. Kenya, baada ya ahadi ya kampeni ya 2013, ilianza 2016 kupeleka vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza; vyuo vikuu vya Moi na Jomo Kenyatta vilihusika kuviunganisha. Rwanda ilianza na XO tangu 2008. Sisi Tanzania, baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vya makarani vilikwenda kwa walimu. Kila mahali nilipopita nimekuta sura moja ya kabati: la chuma, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu mkuu na wa pili kwa mwalimu wa taaluma, ili mmoja asifungue bila mwenzake. Shule moja walinionyesha daftari la kutolea vifaa. Limepigwa mistari kwa rula, safi, nguzo ya tarehe, nguzo ya namba ya kifaa, nguzo ya sahihi, nguzo ya hali ya kifaa kiliporudi. Ukurasa wa kwanza umejaa. Wa pili una mistari mitatu. Baada ya hapo karatasi ni nyeupe. Niliuliza kwa nini. Mwalimu akanijibu bila kunificha: "Kaka, kikivunjika ni mshahara wangu." Hakuna mfumo wa programu duniani unaoweza kushindana na sentensi hiyo.

Ndiyo maana siungi mkono wanaowacheka walimu wetu kwamba wanaogopa teknolojia. Mwalimu yule haogopi kishikwambi, anaogopa hati ya madai. Akiondolewa hati hiyo, kabati litafunguka lenyewe, wala hatahitaji semina ya siku tano.

Nikirudi kwenye mashine, miaka iliyofuata mshukiwa alibadilika. Mwaka 2013 wilaya ya shule ya Los Angeles iligawa vishikwambi, tena si vya bei nafuu, vikiwa vimefungwa visiingie kwenye mitandao ya kijamii. Haikuchukua muda, wanafunzi wapatao 300 wakawa wameshavifungua, kwa kufuta tu wasifu wa shule uliowekwa kwenye mipangilio. Wakubwa wakaagiza vishikwambi visiende nyumbani. Hapa mshukiwa ni mtoto mwenyewe, na kizuizi kimewekwa na watu waliomdharau. Niseme na hili, wanachuo mlinukuu mkipenda: watoto wale walifanya siku ile zoezi bora la kompyuta kuliko lolote lililokuwa kwenye muhtasari wa masomo. XO ilikuwa na kitufe cha kuonyesha programu imeandikwaje ndani. Mtoto mdadisi aliwekewa njia. Los Angeles mtoto mdadisi aliwekewa adhabu.

Leo soko la kompyuta za bei nafuu za shule, hasa Marekani, limeshikwa na Chromebook, iliyoanza kuuzwa 2011. Kiufundi imetimiza mengi ambayo Bitfrost iliyaota: programu zimetengwa kwa uzio, mfumo unajikagua kila unapowaka, na virusi vina kazi ngumu. Ila shule ikishaiandikisha, iko mikononi mwa msimamizi wa shule. Ukiifuta yote na kuianza upya, inarudi ikiwa na jina la shule ileile. Ikiuzwa mtumba bila kuondolewa kwenye orodha, mnunuzi, awe Kariakoo au River Road, anakuta amenunua mlango wa shule ya ng'ambo asiyoifahamu. Vilevile ina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho ya usalama. Mwaka 2023 Google waliurefusha muda huo hadi miaka kumi, baada ya shule kulalamika kwamba zinatupa mashine nzima. Miaka kumi ni mingi kwa shule inayopokea kifaa kipya. Kwa shule inayopokea kilichokwisha kutumika miaka saba kwingine, hesabu ni nyingine.

Kwa hiyo mkiitwa siku moja kwenye kikao cha halmashauri kupitia zabuni ya vifaa, na baadhi yenu mtaitwa, msianze na gigabaiti. Ulizeni funguo za kufungulia kifaa ziko kwa nani, na kama kuna nakala ndani ya wilaya, kwa mtu ambaye mwalimu anaweza kumfuata kwa bodaboda akarudi siku hiyohiyo. Ulizeni kifaa kikikosa mtandao siku 30 kitafanya nini, na mtake kionyeshwe mbele yenu kikiwa kimezimiwa mtandao, msikubali kusomewa. Kamera inaweza kuwashwa na nani, na taa yake imefungwa kwa waya au kwa programu? Mtoto akikivunja kwa bahati mbaya, bajeti ya matengenezo imeandikwa kwenye kifungu gani, kwa shilingi ngapi? Kama kifungu hicho hakipo, vifaa hivyo vitaishi kabatini, na mnaweza kuokoa fedha kwa kununua kabati tu.

Na mwenye kampuni akisema programu yake inazuia kila kitu kibaya, mwulizeni kwa upole mtoto wa darasa la tatu akitaka kujua kompyuta inavyofanya kazi ndani ataanzia wapi.

Nakomea hapa, Mwenyekiti, maana naona saa. Naomba maswali yaanzie kwa wale wa safu ya nyuma, waliotoka shule zenye vishikwambi; mnayo majina ya makabati ambayo mimi sijayaona.